Ukifika kaunta ya polisi Dodoma: RB, upotevu na PF3

Kesi nyingi hazifii mahakamani. Zinafia kaunta, pale mlalamikaji anapoeleza jambo lake vibaya, likaandikwa vibaya, naye akaondoka na karatasi ambayo haimsaidii. Yanayofuata yanafanya kazi Sentro, yaani kituo kikuu cha polisi, yanafanya kazi vituo vidogo vya pembezoni mwa jiji, na hata ukiwa Kongwa au Bahi.

Tuanze na RB. Ukitoa taarifa ya kosa, askari wa zamu anaiingiza kwenye kitabu cha taarifa na kukupa namba: herufi za kituo, neno RB, namba yenyewe, kisha mwaka. Watu wanaondoka nayo wakidhani kesi imefunguliwa. Bado. RB inaonyesha tu kwamba taarifa imepokelewa. Ikionekana kuna jinai ya kupelelezwa, linafunguliwa jalada la upelelezi lenye namba ya IR na kukabidhiwa mpelelezi. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla hujatoka ni hili: "Afande, jalada limefunguliwa? Mpelelezi ni nani, na namba yake ya simu ni ipi?" Bila majibu hayo, wiki ijayo utarudi kaunta uanze upya na askari wa zamu nyingine ambaye hajui habari yako.

Maelezo yako yataandikwa na askari kwa mkono wake. Yasome yote kabla ya kusaini, na kama husomi vizuri, omba usomewe. Angalia tarehe, saa, mahali, na majina. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, maana huko mbele jina moja kwenye maelezo na jingine kwenye hati ya hospitali ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili. Usiseme "waliniibia vitu vingi". Sema televisheni ya inchi fulani, aina fulani, namba ya nyuma ya kifaa ni hii, risiti hii hapa. Televisheni ikikamatwa kwa fundi kule Majengo, bila namba hiyo hakuna atakayethibitisha kuwa ni yako.

Na nyumba ikivunjwa, usifagie. Tunapenda usafi kuliko ushahidi: mlango unarudishwa, vioo vinazolewa, majirani kumi wameshika kitasa, ndipo polisi wanaitwa. Piga picha, funga chumba, piga 112. Ukipiga, taja mkoa, kata na mtaa, kisha alama inayojulikana. Chang'ombe ipo Dodoma na ipo Dar es Salaam, na Majengo ndiyo usiseme, karibu kila mji unayo. Kibao cha anwani ya makazi kwenye ukuta kina namba ya nyumba na jina la barabara. Kisome vilevile kilivyo.

Sasa mambo ambayo polisi si mahali pake. Deni ni la kwanza. Mtu aliyekukopa akashindwa kulipa hana jinai kwa sababu hiyo tu. Hayo ni madai, na mlango wake ni Mahakama ya Mwanzo. Mgogoro wa kiwanja ni wa pili, na Dodoma hii migogoro ya viwanja inajulikana, mingine mizizi yake ni enzi za CDA, mamlaka iliyokuwa ikipima na kugawa viwanja hapa, kabla haijavunjwa mwaka 2017 na kazi zake kwenda Manispaa, ambayo sasa ni Jiji. Nani mwenye kiwanja, hilo ni la ofisi ya ardhi na mabaraza ya ardhi. Polisi wanaingia pale penye hati ya kughushi, kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili, au mtu kubomoa ukuta wako. Ukienda kaunta, eleza kitendo hicho cha jinai. Ukianza na historia ya babu aliyepewa shamba Ntyuka, utaambiwa nenda ardhi, na watakuwa sahihi.

Kupotelewa na kuibiwa ni vitu viwili. Kitambulisho, leseni, kadi ya benki au cheti kikipotea, unachohitaji ni taarifa ya upotevu, ambayo siku hizi inaombwa hata mtandaoni kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, unapata namba ya malipo, unalipa, unachapisha. Kama umeibiwa, usikubali njia ya mkato ya kuandika "imepotea" ili mambo yaende haraka. Taarifa ya upotevu haimtafuti mwizi. Hati ya kiwanja ina mlolongo wake mrefu zaidi, wenye kiapo na tangazo, kwa hiyo taarifa ya polisi pekee haitoshi.

Simu ikiibiwa, kabla ya polisi piga 100 kwa simu ya mtu mwingine wa mtandao huohuo, ufunge laini. Mwizi anayejua kazi yake anakimbilia pesa iliyo kwenye laini, simu anaiuza baadaye. Kisha ndiyo uende kituoni na IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Hiyo unaipata kwenye boksi, au unaipata leo hii, kabla ya kuibiwa, kwa kubonyeza *#06#. Iandike kwenye daftari, si kwenye simu hiyohiyo. Pesa ikitumwa kwa tapeli, usifute ujumbe hata mmoja. Namba ya muamala ndiyo itakayotumika kuomba taarifa kwa kampuni ya simu. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usambaze kwenda 15040, utaulizwa namba iliyoutuma. Na mara mojamoja bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

PF3 ndiyo karatasi inayoharibiwa zaidi. Inatolewa polisi, bure, kwa mtu aliyejeruhiwa kwa kupigwa, ajali au ukatili. Sehemu moja inajazwa na polisi, nyingine na daktari: aina ya jeraha, lilipo, ukubwa wake, kitu kinachoweza kuwa kimelisababisha. Daktari asaini, muhuri upigwe, irudi kwa mpelelezi. Yanayoharibika ni haya: mgonjwa anakaa siku nne nyumbani uvimbe unashuka, ndipo anakwenda, daktari anaandika "ana maumivu" bila vipimo vya jeraha, au fomu inabaki chini ya godoro kwa sababu wazee wanasuluhisha. Toa nakala, halisi uirudishe. Mtu anayevuja damu asipelekwe kaunta kwanza. Apelekwe hospitali, ndugu mwingine afuate fomu.

Aliyebakwa asioge na asifue nguo. Nguo zikaushwe kivulini, ziwekwe kwenye bahasha ya khaki; mfuko wa plastiki unahifadhi unyevu na ushahidi unaoza. Dawa za kuzuia VVU zina mwisho wa saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa, kwa hiyo hospitali haisubiri kesho. Kituoni ulizia dawati la jinsia na watoto, usieleze mbele ya foleni ya kaunta. Kwa mtoto kuna pia 116, haitozwi.

Dhamana ya polisi haiuzwi. Mdhamini aje na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, basi. Mtu akiombwa "ya mafuta", namba ya TAKUKURU ni 113.

Mwisho, mifugo, kwa wanaonunua mnadani Msalato siku ya Jumamosi au kwa mfugaji njiani. Ng'ombe wa bei ya kushangaza bila kibali ni ng'ombe wa mtu, na atakayekutwa naye ndiye atakayeeleza. Dai kibali cha kusafirisha kabla ya kutoa pesa, ulinganishe idadi na alama ya chapa au hereni ya sikioni, mnyama mmoja mmoja. Kibali kikisema wanane na kwenye lori wapo tisa, mteremshe wa tisa hapohapo mnadani, maana kwenye kizuizi cha barabarani watashikiliwa wote.