Nilivyomtafuta babu katika maktaba ya wamonaki wa Peramiho

Katika ukoo wetu hakuna anayebisha kwamba babu mzaa baba alikuwa mwashi, wala kwamba alikuwamo kati ya waliojenga kanisa kubwa la Abasia ya Peramiho, monasteri iliyo karibu na Songea, miaka ya 1940. Ubishi huanza ukiuliza alifika lini misheni na nani alimfundisha kushika mwiko. Hapo kila shangazi ana lake. Nilipopewa kazi ya kuandika historia ya ukoo, niliona nisimalize vocha kwa kuwapigia mashangazi. Niende kwa wamonaki, watu wanaoandika kila kitu.

Sikwenda kubisha hodi tu. Nilimwandikia Abate, mkuu wa monasteri, nikaambatanisha barua ya utambulisho ya paroko wetu, nikataja jina la babu, la baba yake, kijiji alikotoka, na kauli moja ya marehemu bibi: kwamba mumewe alikimbilia misheni nzige walipomaliza ulezi. Kauli hiyo niliiandika kwa kusitasita, nikidhani ni ya kitoto. Kumbe ndiyo iliyonifungulia mlango.

Aliyenipokea maktabani alikuwa bruda, yaani mmonaki asiye padre, mzee, mpole, mwenye penseli sikioni kama fundi seremala.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Bruda."

"Milele, amina. Marahaba, mwanangu. Babu yako alibatizwa lini?"

"Sijui, Bruda."

"Basi tuanze na nzige."

Wabenediktini wa St. Ottilien, shirika la wamonaki lenye asili ya Ujerumani ambalo Peramiho ni mojawapo ya nyumba zake, wana desturi ya kuandika kronika: siku kwa siku, nani amefika, nani anaumwa, mvua imenyesha au la, ng'ombe wangapi wamekufa. Nzige wekundu waliisumbua Tanganyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kwa mtu mwenye bustani ya kulisha nyumba nzima, nzige si jambo la kuacha kuandikwa. Kwa hiyo tulitafuta nzige, si babu. Tulipokwisha kuibana miaka, Bruda aliniachia kronika akanigeuzia vitabu vya ubatizo.

Niseme kidogo kuhusu maandishi, maana hapo wengi hukata tamaa. Kronika ni za Kijerumani, na wamonaki wa zamani waliandika kwa herufi za mkono za kale zilizofundishwa katika shule za Ujerumani mpaka mwaka 1941. Hata ukijua Kijerumani cha chuoni, ukurasa huo utauona kama nyayo za kuku. Bruda alinipa karatasi yenye alfabeti hiyo, nikafanya mazoezi jioni nyumba ya wageni. Vitabu vya ubatizo ni nafuu zaidi: ni Kilatini, lakini kila mstari una mpangilio uleule, yaani tarehe, jina la Kikristo, wazazi, msimamizi, padre. Maneno machache yanakutosha. Kazi iko kwenye majina ya kwetu. Padre Mjerumani aliandika alivyosikia, na jina kama Nchimbi unaweza kulikuta pale limeandikwa na "tsch" katikati. Ikabidi nisome majina kwa sauti, kwa kunong'ona, mpaka sikio litambue kile ambacho jicho limekipita.

Babu nilimpata hivyo, kwenye orodha ndefu ya watu wazima waliobatizwa pamoja. Msimamizi wake alikuwa mwashi wa misheni. Swali la nani alimfundisha kazi likaanza kupata jibu.

Ratiba ilikuwa ya kengele. Kengele ya sala ya mchana ikilia, Bruda alifunga kabati, hata kama nimeshika sentensi katikati. Nilikwenda wakati wa Kwaresima, na aliniambia kwamba Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 48, inaagiza kila mmonaki apewe kitabu kimoja mwanzoni mwa Kwaresima na akisome chote tangu mwanzo bila kuruka. Nadhani alikuwa ananisema mimi, niliyekuwa nikiruka kurasa kutafuta jina moja.

Siku moja nilimwomba mambo ya mwaka 1905, Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilipoanza, ingawa hayakumhusu babu. Ukizaliwa Songea huwezi kukaa mbele ya kabati lile usiulize. Kwa upande wa monasteri, habari inaanza na Cassian Spiss, aliyeanzisha misheni ya Peramiho tarehe 31 Julai 1898, akawa askofu, akauawa tarehe 14 Agosti 1905 huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi uliofuata Peramiho ikachomwa. Sisi tuliopelekwa na walimu kwenye makumbusho ya Maji Maji, Mahenge pale Songea mjini, tulifundishwa kuanzia tarehe nyingine: 27 Februari 1906, Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Kingoni.

Bruda hakunihubiria. Alinitolea historia ya Wangoni iliyoandikwa na Padre Elzear Ebner, mmonaki mwenzake, kisha akanisimulia kwamba kabla ya vita padre mmoja wa misheni alikichoma kibanda cha mahoka, yaani mizimu ya mababu, cha Nkosi (chifu) Mputa. Mputa huyo akawa kati ya walionyongwa, na wengi wao walibatizwa na padre kabla ya kupelekwa kwenye kitanzi. Bado najiuliza mtu anayesubiriwa na kamba anakubali nini anapokubali ubatizo. Katika historia ya ukoo nimeziweka tarehe zote mbili, ukurasa mmoja.

Kuhusu ujenzi wa kanisa, kronika ziliniangusha. Mabruda wametajwa kwa majina na ufundi wao. Waashi wa kwetu ni "mafundi" tu, au "watu wetu". Hapo ndipo Bruda alipoleta boksi la picha. Katika mojawapo wamesimama wanaume mbele ya jukwaa la ujenzi, vumbi mpaka magotini, na nyuma ya picha hakuna jina hata moja.

Nilipiga nakala kwa ruhusa yake nikawapelekea mashangazi. Babu walimtambua papo hapo, kwa jinsi alivyoinamisha kichwa. Wakaanza kuwataja wengine: huyu wa Mgazini, huyu baba wa katekista, huyu alioa kwetu. Kila jina nililohakikisha nilimpelekea Bruda, akaliandika kwa penseli nyuma ya picha, pamoja na jina la aliyelitoa. Amebaki mmoja, wa pili kutoka kushoto, mwenye kofia. Shangazi mkubwa anasema ni mjomba wao. Mdogo anasema mjomba hakuwahi kuwa na kofia. Bruda anasubiri, na mimi nimeacha nafasi katika kitabu.