Ukivua kombati usiuze nidhamu, uza akili ya kupanga

Afande akistaafu huku Mbeya akisema anatafuta kazi uraiani jibu analopewa ni lilelile, ulinzi. Nenda kasimamie walinzi wa kampuni fulani, nenda kawe bosi wa geti kiwandani. Sidharau hiyo kazi hata kidogo, kuna ndugu zangu wanasomesha watoto kwa kazi hiyo, ila inaniuma kuona kapteni au meja mzima aliyebeba kikosi mgongoni anadhani kitu pekee alichonacho cha kuuza ni nidhamu na kuamka mapema. Mimi nilivyotoka jeshini nikaingia kwenye ushauri wa menejimenti, na nataka niseme wazi kwanini naona hii kazi inatufaa.

Ofisa aliyepita chuo cha maofisa wa jeshi Monduli akaongoza platuni, baadae kombania, baadae akawekwa ugavi, miaka yote hiyo kazi yake kubwa haikuwa kupiga risasi, ilikuwa kupanga. Watu wanakula nini kesho, magari mangapi yanatembea, mafuta yanatoka wapi, lori likilala katikati ya mlima Kitonga na barabara ikafunga msafara mnaufanyaje, na yote hayo unaamua ukiwa hujapata taarifa kamili mana taarifa kamili huwa haiji. Sasa mshauri wa menejimenti anafanya nini? Anaitwa na taasisi inayoona mambo hayaendi na haijui kwanini, anachunguza, anatoa mpango, na akiwa mzuri anabaki kuona mpango unatekelezwa. Hata ile oda, yani amri ya kazi, ya vipengele vitano ambayo majeshi mengi duniani yanafundisha, hali, jukumu, utekelezaji, utawala na ugavi, uongozi na mawasiliano, ukiitoa maneno ya kivita unabaki na pendekezo la kazi ambalo mteja analielewa bila shida.

Nitoe mfano wa kazi moja Mbozi, chama cha ushirika cha kahawa, jina naliacha. Bodi ilikuwa imeshaamua kukopa inunue mtambo wa pili wa kumenya kahawa kwasababu msimu ukichanganya foleni inakuwa kubwa, wakulima wanalala na magunia yao, na anayeijua kahawa anajua kwamba ile mbivu ikishachumwa inatakiwa imenywe siku hiyohiyo, ikilala inaanza kuchacha kwenye gunia, ubora unashuka na bei inashuka nao. Kwaiyo kwa macho ya haraka mtambo ni mdogo, kopa, nunua mwingine. Nikawaomba kabla hawajasaini chochote tukae kituoni tuandike tu, gunia limefika saa ngapi, limepimwa saa ngapi, limeingia mtamboni saa ngapi. Huo ni upelelezi wa kawaida kabisa, unaangalia uwanja kabla hujapeleka watu. Daftari likaonyesha kwamba mchana mtambo unakaa bure, wakulima wote wanashuka jioni kwa wakati mmoja wakishamaliza kuchuma, na wakifika wanakuta mizani moja na karani mmoja anayepima, anaandika, anakata risiti yeye mwenyewe. Mtambo ulikuwa unasubiri mizani! Tukaongeza mizani na karani, tukagawa saa za kuleta kahawa kwa vitongoji, ule mkopo ukawekwa pembeni. Karani mwenyewe, mama mmoja mtaratibu sana, alikuwa anajua tatizo toka zamani, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Na hapo kwenye kuuliza ndipo wenzangu wengi wanapata shida. Uraiani cheo chako hakipo, mwenyekiti wa ushirika ni mzee wa watu, utamwamkia shikamoo, utakunywa chai yake, utasikiliza historia ya chama toka kilipoanza, ndio akupe mafaili. Huwezi kumwamuru mhasibu wala dereva. Mpango mzuri ambao wenyewe hawajaukubali ni karatasi tu, kwahiyo nusu ya kazi ni kukaa na watu mpaka waone mpango ni wa kwao.

Kuandika ripoti tuko vizuri kuliko tunavyofikiri. Barbara Minto, mama aliyefanya kazi McKinsey, kampuni kubwa ya ushauri ya Marekani, ndiye aliyeeneza kwenye fani hii ule utaratibu wa kuanza na jibu kwanza kisha sababu zake chini yake, na jeshini ndivyo tulivyozoea, kamanda hana muda wa kusoma kurasa nyingi akitafuta unamwambia nini. Kile kikao cha kukaa chini baada ya zoezi na kuulizana tulipanga nini, kimetokea nini, kwanini, makampuni mengi duniani yamekichukua toka jeshi la Marekani, basi na sisi tukipeleke hospitalini, kwenye mashine za mpunga Mbarali, kwenye viwanda vya mbao Mafinga, kinahitajika sana.

Mambo ya makaratasi nitayapitia haraka. Wasifu wako uandike kwa lugha ya raia, umesimamia watu wangapi, magari, stoo, bajeti, na mambo ya siri ya kazi yabaki ya siri, hakuna mteja anayeyahitaji. Sajili jina au kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, chukua TIN, yani namba ya mlipakodi, na leseni, jisajili NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, mana toka 2023 zabuni za serikali ziko huko. Kama hesabu za biashara zinakupiga chenga kasome, Chuo Kikuu Mzumbe wana kampasi hapahapa Mbeya, mizania (hesabu ya mali na madeni) na mtiririko wa fedha havikwepeki.

La mwisho ni bei. Sisi tumezoea mshahara unaingia mwisho wa mwezi, kutaja bei ya kichwa chako mbele ya mtu ni kitu kigeni na wengi wanataja hela ya nauli tu alafu wanaishia kufanya kazi ya msaada. Taja kwa kazi nzima, yani uchunguzi, mpango na usimamizi wa utekelezaji, kila hatua na malipo yake, iandikwe kwenye mkataba na sehemu ya kwanza ilipwe kabla hujaanza. Ushirika ukisema hela itapatikana kahawa ikishauzwa mnaweza kukubaliana, ila tarehe iandikwe na mwenyekiti na katibu wasaini wote wawili.