Mama Mwende alipopata wa kumwambia

Kisa cha hadithi niliyokuwa naandika kilikuwa tayari kichwani: mama anayeuza mitumba Gikomba, soko la Nairobi, anapigiwa simu usiku kuwa soko linaungua, na pesa za chama, kikundi chao cha akiba, alizokuwa amekabidhiwa zimekwenda na moto. Gikomba imeungua mara nyingi, kwa hiyo tukio halikunisumbua. Aliyenisumbua ni mama mwenyewe, Mama Mwende. Nilimwandika kwa nafsi ya tatu, na kila akifungua mdomo anatoka mtahiniwa wa insha: "Moyo wangu umejaa simanzi isiyo na kifani." Nani Gikomba huongea hivyo?

Nilijaribu kumwandikia wasifu, kama wanavyoshauri wengi: alikozaliwa, kanisa lake, chai anayopenda. Ulinisaidia kidogo, si sana. Mtu anaweza kuwa na wasifu wa kurasa nzima na bado asiwe na sauti.

Nilichofanya ni kwenda sokoni alfajiri, wakati beli, yaani marobota ya mitumba, zinafunguliwa na wenye maduka ya mjini wanagombania kamera, yaani zile nguo safi za kwanza. Nilinunua shati moja, nikakaa karibu na muuzaji mmoja nikimsikiliza. Kwa mwenye duka alikuwa mpole, anamwita "customer wangu" kwa sauti ya chini. Mnunuzi wa nguo za mia alimtania. Askari wa kaunti alipopita, akawa mtu wa sentensi fupi, karibu bubu. Mama ni yule yule. Basi nikaacha kujiuliza Mama Mwende ni nani, nikaanza kujiuliza anaongea na nani, na anataka nini kwake.

Nikamketisha mbele ya wanachama wenzake, Jumapili alasiri, nyumbani kwa mwenyekiti, mtaani Kayole, nikampa nafsi ya kwanza:

"Nisikizeni kwanza, kisha mniulize. Hiyo pesa ningeipeleka benki Jumatatu. Beli ya jaketi ilikuwa imefika, na nyinyi mnajua baridi ya Julai, jaketi hazilali. Sijasema niliinunua. Nimesema ilikuwa imefika."

Zile sentensi mbili za mwisho ndizo zilinipa mhusika. Hakuna aliyemuuliza kama alinunua.

Kuanzia hapo yeye ndiye aliyeamua mengi. Nilikuwa na maelezo marefu ya moto ulivyoanza. Nikayatoa, maana usiku huo alikuwa amelala na hawezi kujua. Kwa upande mwingine, macho yake ni ya mfanyabiashara. Hawezi kumtazama mwenyekiti bila kuona kwamba sweta lake ni la daraja la pili, limeshonwa upya kikwapani. Sikuhitaji tena kueleza sura ya mtu yeyote. Yeye anawakadiria bei.

Lugha niliiacha iwe Kiswahili cha Nairobi cha mtu mzima. Sheng niliwaachia vijana wa mkokoteni, tena kwa kipimo, kwa sababu Sheng ya leo mwakani ni ya wazee. Kumchekesha msomaji kwa kumfanya mhusika achanganye "r" na "l" nilikataa kabisa. Huo ni mzaha wa runinga, haumwambii msomaji mtu huyo anaogopa nini.

Dada yangu ni fundi cherehani, hana subira na hadithi. Nilimsomea rasimu akiwa kazini. Kabla sijafika nusu akanikatiza:

"Huyu alikula hiyo pesa."

"Umejuaje?"

"Si unasikia vile anajieleza?"

Nikaendelea kusoma. Mwisho akasema ni heri soko liliungua, kisha akasema maskini, na beli nayo imeungua. Sijaongeza neno katika sehemu hiyo.

Sasa nahangaika na mwenyekiti, ambaye kazi yake karibu yote ni kunyamaza. Nimempa swali moja tu, ukurasa wa mwisho: risiti ya beli iko wapi?