Kabla hujauliza "nipige dawa gani", liangalie kwanza hilo jani

Mtu anatuma picha ya jani la nyanya limejaa madoa halafu swali ni moja tu, nipige dawa gani? Jamani, hilo jani lishakwenda, hakuna dawa ya kulirudisha liwe kijani. Dawa nyingi za ukungu, hizi za kopa (yaani shaba), salfa, mankozebu, zinakaa juu ya jani na kuzuia mbegu za ukungu zisiote, kwa hiyo unapopiga unayalinda yale majani ambayo bado mazima. Ndo maana ukichelewa unaona kama dawa ni feki.

Sasa, ugonjwa gani? Bakajani tangulia inaanzia majani ya chini yaliyozeeka, madoa ya kahawia yenye miduara ndani kwa ndani. Hii haina haraka sana, una muda. Bakajani chelewa ndo ya kuogopa, mabaka makubwa utadhani jani limemwagiwa maji ya moto, na asubuhi yenye unyevu ukigeuza jani unakuta uweupe pembeni ya baka. Inapenda ubaridi na unyevu, siku chache tu nyanya au viazi mviringo vyote chali, ndo hii hii ilimaliza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Halafu kuna ubwiri unga kwenye maboga na matango, unga mweupe juu ya jani, huu ni mtu mwingine kabisa kwa sababu hauhitaji jani lilowe ndo uingie, hata kipindi cha jua kali unakuta upo.

Lakini bakajani zote mbili, na kutu ya maharage pia, zinataka jani likae na maji masaa kadhaa, na hapo ndo pa kuzibana. Mwagilia chini kwenye shina, asubuhi, siyo jioni ukaliacha jani lilale limelowa. Nyanya zifunge kwenye vijiti vya kuegemea, majani ya chini yanayogusa udongo toa, weka matandazo (nyasi kavu za kufunika udongo) maana matone ya mvua yanarusha udongo wenye ukungu juu ya majani, na panda kwa nafasi hewa ipite (najua kiu ya kujaza kila kona ya bustani, ila utailipia). Na nyanya zisirudi palepale walau miaka miwili mitatu, usiseme umebadilisha zao kwa kuweka viazi mviringo au biringanya, hao ni ndugu.

Ubwiri unga ukiuwahi, maziwa sehemu moja kwa maji sehemu tisa, piga penye jua, yanasaidia kweli. Salfa nayo nzuri ila usipige joto likipita nyuzi 30 hivi, inaunguza majani, na usiichanganye na mafuta. Kopa mimi naitumia kwa kiasi sana kwa sababu haiozi, inabaki inajilimbikiza kwenye udongo.

Bakajani chelewa ikishashika mche mzima, ng'oa, tia kwenye mfuko, toa bustanini siku hiyohiyo, usitupe kwenye mboji, na nawa mikono na usafishe kisu kabla hujagusa mche mwingine. Ukiwa umepiga dawa yoyote ya dukani, soma lebo uone siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna.