Bangkok ya Mama Mkubwa na Bangkok Yangu

Mama mkubwa amekwenda Bangkok mara kumi na moja na hajaona hekalu hata moja. Ana duka la nguo za kike Kariakoo, na ukimwuliza habari za mji ule atakupa mambo mawili tu: bei ya gauni kwa jumla kwenye soko la nguo la Pratunam, na kilo ya mzigo inasafirishwa kwa ngapi msimu huu. Nilipomwambia nataka kwenda kutembea tu, sinunui kitu, alinitazama kama nimemletea taarifa ya msiba.

"Kutembea? Mwanangu, kule watu wanakwenda kazini."

Hiyo ilikuwa Oktoba 2024. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, sekondari ya serikali, na likizo inayonifaa kwa safari ni ya Juni. Kibubu kilikuwa na mwaka na nusu, na zamu yangu ya kupokea pesa za mchezo wa walimu ilikuwa Februari. Wakala mmoja wa safari alinitajia bei ya kifurushi cha siku tano, hoteli na mwongozaji humo humo; nikamshukuru, nikatoka, nikanunua daftari la kurasa 96. Nikaandika juu: BANGKOK, SIKU NANE, BAHT 1,000 KWA SIKU. Baht moja niliihesabu shilingi 80, ili hesabu ikikosea inikosee kwa upande wangu.

Juni kwao ni majira ya mvua, watalii wamepungua na vitanda vimeshuka bei. Tiketi ya Dar kupitia Addis Ababa niliifuatilia wiki sita, inapanda inashuka kama bei ya nyanya, hadi siku iliposimama kwenye milioni mbili na laki nane nikaikata. Viza ilinitisha bure. Tangu Januari 2025 maombi ya Thailand hufanyika mtandaoni, kwa hiyo sikulazimika kupanda basi la Nairobi kwenye ubalozi wao unaotuhudumia na sisi. Pasi, picha, taarifa ya benki, tiketi, mahali pa kulala, barua ya mkuu wa shule. Barua ndiyo iliyochukua muda kuliko viza yenyewe.

Kurasa nyingi za daftari ziliishia kwenye swali la wapi nilale. Vijana wa begi mgongoni wote wanataja barabara ya Khao San. Jina hilo maana yake mchele uliokobolewa, maana zamani palikuwa soko la mchele. Siku hizi panakobolewa usingizi wa watu. Halafu hakuna treni karibu. Mama mkubwa, ambaye alikuwa bado amenuna, alichangia jambo moja: "Lala upande wa Pratunam. Halali ipo, msikiti upo, na ukipotea unatafuta Baiyoke." Baiyoke ni jengo la mita 304 ambalo yeye hulitumia kama sisi tulivyotumia mnazi mrefu wa kwa babu.

Nikafungua ramani. Mwalimu wa Jiografia haangalii barabara kwanza, anaangalia maji. Nikaona mstari wa buluu unapita hapo hapo Pratunam, unakwenda magharibi mpaka ukingoni mwa mji mkongwe: mfereji wa Saen Saep, uliochimbwa kati ya 1837 na 1840 ili kupitisha askari kuelekea vita vya Kambodia. Na una boti za abiria kila siku. Nikafuta Khao San, nikaandika Ratchathewi, upande huo huo wa Pratunam.

Safari ya ndege haina hadithi. Hadithi ilianza Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, tena kwa ujinga wangu. Nilipanga foleni ya uhamiaji dakika hamsini nikiwa na kila kitu mkononi, hata ile kadi ya kuwasili ya kidijitali ambayo kuanzia Mei 2025 unaijaza ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure, asikudanganye mtu. Afisa akaiona pasi ya Tanzania, akaonyesha kidole nyuma yangu. Anayetoka nchi zenye homa ya manjano lazima apitie kwanza dawati la afya, waione kadi yake ya chanjo, wamgongee muhuri. Kadi nilikuwa nayo, ya Mnazi Mmoja, imekunjwa vizuri ndani ya pasi. Dawati lenyewe nililipita bila kuliangalia. Nikarudi, nikagongewa kwa dakika mbili, nikaanza foleni upya. Ukitoka kwetu, tafuta dawati hilo hata kabla ya choo.

Pesa nilichenji chini kabisa, ghorofa ya treni, ambako wanatoa bei nzuri kuliko maduka ya juu. Noti za dola mia zinapata zaidi kuliko za kumi na ishirini, hilo mama mkubwa alinifundisha tangu nyumbani. Treni hadi Phaya Thai baht 45, kituo kimoja zaidi kwa treni ya angani, nikashuka Ratchathewi nimelowa jasho, mvua haijanyesha bado.

Hosteli ilikuwa jirani na barabara ya Phetchaburi, kitanda cha bweni la wanawake baht 350. Hatua chache kuna kichochoro namba saba, kina msikiti wa Darul Aman, na ubavuni mwake akina mama wamepanga vyungu. Nilisema "Asalaam alaykum" kwa yule wa kwanza na mambo ya lugha yakaisha. Alinisogezea kigoda, akaniletea wali wa manjano na kuku, ndugu wa biriani kabisa, baht 60, akakataa nisile bila achari yake ya matango. Nilikula pale asubuhi na usiku kwa siku nane.

Usiku wa kwanza dada wa mapokezi alitaka kunieleza geti linafungwa saa ngapi. Kiingereza chake na changu vikagongana, akaanza kuhesabu vidole kwa Kithai: saa moja baada ya giza ni nueng thum, moja, inayofuata song thum, mbili, mpaka ha thum, tano, geti linafungwa. Nikamtazama. Saa moja usiku, saa mbili usiku, saa tano usiku! Jioni yao inahesabiwa kama yetu. Nilimwandikia kwenye karatasi saa zetu na zao sambamba, tukacheka. Usipige hesabu hiyo alfajiri lakini, utachelewa ndege. Ikipita usiku wa manane wanashika mtindo mwingine kabisa. Na mwaka wao siku ile, kwa kalenda ya Kibuddha, ulikuwa 2568. Risiti ya hosteli ninayo.

Sasa boti. Gati la Hua Chang liko chini ya daraja, unashuka ngazi, unasikia injini kabla ya kuona kitu. Boti ndefu, nyembamba, inakuja kwa kasi ya daladala la mwisho la Mbagala, inagusa gati, haifungwi. Unaruka. Ukisitasita, imeondoka. Konda ana helmeti kichwani na hatembei ndani: anatembea nje, kwenye ukingo, ameshika kamba kwa mkono mmoja na tiketi kwa mwingine, akiinama kila daraja linapopita. Abiria wa pembeni huvuta kamba kuinua turubai la nailoni, maji yasiwarukie, kisha wanalishusha ili konda apate kudai nauli. Nauli ilikuwa baht kumi na kitu, haifiki elfu moja yetu. Harufu ya maji siisifii. Lakini unapita nyuma ya nyumba za watu: nguo zimeanikwa, mzee anamwagilia maua kwenye makopo, paka amelala juu ya feni mbovu. Upande mmoja ni Ban Khrua, mtaa wa Waislamu wa Kicham waliotokea Kambodia wakapewa makazi hapo zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, wafumaji wa hariri. Ng'ambo ya pili ni nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani aliyewauzia walimwengu hariri hiyo, kisha mwaka 1967 akatoka matembezini huko Malaysia na hakuonekana tena.

Nilipanda boti ile mara kumi na nne. Mara mbili sikuwa na ninakokwenda.

Mwisho wa mstari ni Panfa, na hapo unatembea. Siku ya tatu nilitembea hadi Kasri la Mfalme, kiingilio baht 500, nikalitazama ukutani kwa nje nikiwaza shilingi elfu arobaini. Bwana mmoja nadhifu akanijia: kasri leo limefungwa, sikukuu, lakini tuk-tuk hii itakuzungusha mahekalu matatu kwa baht 20. Utapeli huo nilikuwa nimeuandika ukurasa wa 31 na kuupigia mstari mwekundu. Nikapanda. Baht 20 ni baht 20, na bajaji ni bajaji.

Hekalu la kwanza lilikuwa la kweli. La pili likawa duka la vito. Kijana wa kaunta akafungua kijaluba cha mahameli, ndani jiwe la buluu inayoingia zambarau. Akashusha sauti: adimu sana, dada, linatoka sehemu moja tu duniani, Afrika, chini ya mlima Kilimanjaro. Nikamwambia Mererani. Akasema samahani? Nikatoa pasi, nikaiweka juu ya kioo. Alisoma TANZANIA, akatazama jiwe, akanitazama mimi, akacheka hadi akakaa. Niliondoka na chupa ya maji baridi ya bure. Dereva wa tuk-tuk hakucheka.

Hekalu la Wat Pho nililipa, baht 300, na sijutii. Buddha amelala ubavu urefu wa mita 46, nyuma yake watu wanadondosha sarafu kwenye bakuli 108 za shaba, mlio wake unakufuata mpaka nje. Mtandio wangu ulinisaidia: wenye mabega wazi walikuwa wanahangaika kutafuta cha kujifunika.

Ukutani hosteli palikuwa na picha ya doriani iliyopigwa mstari mwekundu. Juni ndiyo msimu. Soko zima linanuka kama Darajani, Unguja, na mafungu ya shokishoki yako kando yake. Mzungu wa kitanda cha jirani aliziba pua, mimi nilikula nimesimama barabarani, mikono imenata, nikimkumbuka bibi.

Pratunam nilikwenda siku ya mwisho na orodha ya mama mkubwa: vipimo, rangi, idadi. Alikuwa ameacha kununa.

Nyumbani nilimwonyesha video ya boti. Aliiangalia mara mbili, akasimamisha pale konda anapoinama chini ya daraja.

"Daraja hili nalijua. Teksi inakwama hapo saa nzima, nikitazama huo mtaro chini."

"Ndiyo, mama."

"Ni shilingi ngapi?"

"Haifiki elfu."

Akanirudishia simu. Alikaa kimya, vidole vinahesabu kwenye paja, safari kumi na moja, kwenda na kurudi.