Nilivyohamisha nakala ya PostgreSQL kutoka md5 hadi scram-sha-256

Njia ya uthibitishaji wa nywila ilipobadilishwa kutoka md5 ya zamani hadi scram-sha-256 iliyo salama zaidi, kwenye pg_hba.conf (faili la kanuni za kuingia) ya seva kuu ya hifadhidata ya PostgreSQL, seva ya nakala iliendelea vizuri hadi ilipowashwa upya. Ndipo ikagoma kuungana, ingawa nywila ilikuwa sahihi kabisa. Kumbe iliyohifadhiwa bado ilikuwa ya muundo wa md5, na kubadili faili hilo hakuigusi.

Kwanza nikarudisha md5 kwenye faili hilo, kwani mstari wenye md5 hupokea pia nywila za SCRAM (muundo mpya). Kisha nikaweka mpangilio wa password_encryption kuwa scram-sha-256, nikapakia mipangilio upya, na kwa amri ya ALTER ROLE nikampa mtumiaji wa urudufishaji nywila ileile. Jedwali la pg_authid, linalohifadhi nywila, likathibitisha kuwa sasa ni ya SCRAM. Baada ya hapo tu nikabadili pg_hba.conf, kwenye seva zote mbili, maana faili hili halirudufishwi. Kata muunganisho makusudi ujaribu: ulio hai haukaguliwi tena.