Bamvua la Pasaka: nilivyofika kuongoza msafara hadi Sealers Cove

Mama yangu alikuwa mchokoa pweza. Kwetu Tongoni, kusini kidogo ya mji wa Tanga, maji yakipwa sana wanawake hushuka na vijiti vyao hadi kwenye miamba, watoto wakifuata nyuma na ndoo. Nilijua kuhesabu bamvua, yale maji makubwa yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, kabla sijajua kusoma. Sikuwahi kudhani kwamba elimu hiyo ingenifaa Melbourne, Australia, ambako nimekuwa nikihudumia wazee tangu 2013, wala kwamba ndiyo ingenifanya kiongozi katika chama cha watembea porini.

Kule, kutembea porini na mzigo mgongoni ni jambo la vyama, na la siku nyingi. Jina hilo la watembea porini lilishika hasa baada ya chama kimoja cha Sydney kuanzishwa 1927, na Melbourne wanawake walikwisha kuwa na chama chao cha kutembea tangu 1922. Mimi niliingizwa na dada mmoja wa kazini. Aliniona nakaa peke yangu kila nikiwa na mapumziko, akaniambia, "Njoo Jumatano jioni, uwaone tu." Nilikuta ukumbi mdogo, chai, biskuti, ramani zimetandazwa mezani, na watu wa kila umri. Kulikuwa na ratiba ya miezi mitatu: safari ipi, tarehe gani, ni rahisi, ya wastani au ngumu, na nani anaongoza. Ukitaka kwenda unampigia kiongozi, naye anakuhoji. Mwanzoni nilidhani mahojiano yale ni ya kunipima kama nafaa kuwa nao. Kumbe humhoji kila mtu, maana yeye ndiye atakayejibu kama mtu akivunjika mguu kilomita kumi kutoka barabarani.

Safari yangu ya kwanza ya kulala nje ilikuwa Novemba 2014, huko Wilsons Promontory, rasi ambayo ncha yake ndiyo mwisho wa bara la Australia upande wa kusini. Ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Melbourne. Kiongozi wetu alikuwa bibi wa miaka sabini na ushei, mwembamba, mwenye miguu ya chuma. Alinipa orodha ya vitu vya kubeba: hema, mfuko wa kulalia, koti la mvua, jiko dogo la spiriti, taa ya kichwani, bandeji ndefu ya kufunga mguu mzima nyoka akiuma. Mimi nikaongeza vyangu. Sufuria ya lita tatu, kilo mbili za unga, kopo la maziwa, kanga mbili, taulo kubwa. Nilipopima shanta kwenye mizani ya nyumbani ilifika kilo kumi na tisa, na mimi wakati huo nilikuwa na kilo hamsini na saba.

Bibi alikuja kwenye maegesho ya Telegraph Saddle, akaliinua shanta langu kwa mkono mmoja, akaliweka chini polepole. Hakusema neno baya. Alifungua zipu, akaniuliza kitu kimoja kimoja: "Hiki utakitumia mara ngapi?" Unga ulibaki garini. Sufuria ilibaki garini. Kanga moja nilikataa kuiacha, naye akakubali, na nasema leo kwamba nilikuwa na haki. Kanga ni taulo, ni shuka, ni kivuli, ni pazia la kubadilishia nguo. Baada ya miaka miwili wanawake watatu wa chama walikuwa wananiagizia za kwao kila nikirudi likizo.

Kutoka hapo hadi Sealers Cove, ghuba tuliyokuwa tunakwenda kulala, ni kama kilomita kumi. Njia inapanda hadi kwenye bega la mlima, halafu inateremka upande wa mashariki ndani ya msitu wa mikaratusi na mikangaga mirefu yenye shina kama mnazi mchanga. Huko chini pana unyevu na giza la kijani, na ruba wapo. Sehemu ya mwisho mlitengenezwa njia ya mbao juu ya kinamasi. Nilitembea nyuma kabisa, kisigino kimeanza kutoa lengelenge, na nyuma yangu kulikuwa na mzee mmoja ambaye hakunipita hata mara moja. Nilidhani naye amechoka. Baadaye nikaelewa kwamba huo ulikuwa wajibu wake. Kila msafara una mtu wa mwisho aliyeteuliwa, na hakuna mwanachama anayeruhusiwa kuwa nyuma yake. Sheria hiyo naipenda kuliko zote. Mgeni anayeumia visigino hawezi kuachwa, hata kama wenye nguvu wamesahau kugeuka.

Kisha msitu ukafunguka, tukatokea ufukweni. Nilisimama. Mchanga wa dhahabu umejikunja kama mundu, milima imeuzunguka, maji yako kimya. George Bass, yule ambaye mlango wa bahari kati ya bara na Tasmania una jina lake, alifika ghuba hii 1798 kwa mashua ya wavuvi wa nyangumi. Lakini watu wa asili wa nchi hiyo waliishi kwenye rasi maelfu ya miaka kabla yake. Katika machuguu ya mchanga ya rasi ile kuna malundo ya makombe waliyokula, yamelala yalipotupwa. Mara ya kwanza kuonyeshwa lundo la namna hiyo nilichutama mbele yake muda mrefu. Nyuma ya nyumba yetu Tongoni kuna lundo la makombe ya chaza kama lile, la bibi zangu.

Kambi ya Sealers Cove iko ng'ambo ya mto, upande wa kusini wa ufukwe. Hakuna daraja. Maji ya mto yana rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya majani yanayooza msituni, na kina chake kinategemea bahari. Yakipwa unavuka yakiwa kwenye kifundo au goti. Yakijaa yanakufika kiunoni, tena na shanta mgongoni. Siku ile tulikuta yamejaa. Watu wakaanza kubishana: wengine wavue suruali wavuke hivyo hivyo, wengine wasubiri. Jedwali la maji lilikuwa limesahauliwa garini, kwa hiyo hakuna aliyejua kama bahari inapanda au inashuka.

Nilijua la kufanya. Nilichukua kijiti, nikakipanda pale pale maji yalipokomea, nikakaa chini kuvua viatu. Mwezi ulikuwa mpevu. Kwa hiyo lilikuwa bamvua, na maji ya bamvua yakijaa hujaa kweli, lakini yakipwa hupwa kwa kasi. Baada ya dakika kama kumi na tano kijiti kilikuwa kwenye mchanga mtupu, maji yamerudi nyuma hatua moja. Nikamwambia bibi, "Yanatoka. Tule kwanza, tutavuka baadaye." Aliangalia kijiti, akaniangalia mimi, akawaambia wenzake wafungue chakula. Tulikaa karibu saa mbili na nusu. Tulipovuka, maji hayakufika gotini.

Usiku ule bibi aliniuliza nilijifunza wapi. Nikamweleza habari za mama, za pweza, za kuhesabu siku tangu mwezi unapoandama: mwezi mosi na mwezi mpevu ni bamvua, katikati yake ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Akatoa daftari akaandika.

Katika hifadhi ile moto wa kuni hauruhusiwi, na siku za joto kali likitangazwa katazo la moto hata jiko huliwashi, unakula vya baridi. Kwa hiyo jioni hakuna kile chungu kimoja ambacho sisi tumezoea kukizunguka. Kila mtu anawasha jiko lake dogo, anachemsha chakula chake, anakula kwenye kopo lake. Usiku wa kwanza jambo hilo liliniumiza. Nilikaa na tambi zangu nikahisi kama watu kumi na mmoja tunakula katika nyumba kumi na moja. Sikusema kitu. Safari iliyofuata nikabeba kashata za karanga, nimezikata vipande vidogo na kuzifunga vizuri, na kila tukipumzika nikawa nazungusha mfuko. Wao wana mchanganyiko wao wa karanga, zabibu kavu na chokoleti, kila mtu na wake. Kufikia safari ya nne mifuko yote ilikuwa inazunguka. Na zile wikiendi za Tidal River, ambako gari linafika hadi kambini na uzito si hoja, sufuria yangu kubwa ikapata kazi. Pilau ya Jumamosi usiku iliingia kwenye ratiba iliyochapishwa, na watoto wa wanachama walikuwa wanakuja kuniuliza mapema kama nimeleta viungo.

Mambo ya kambi ya pwani yako mengi, nikianza sitamaliza. Wombati, mnyama mnene mwenye miguu mifupi, akitafuna majani nje ya hema usiku mzima hadi unasikia meno yake. Ukiacha chakula ndani anatoboa hema, kwa hiyo chakula tunakining'iniza. Kunguru wanaojua kufungua zipu. Mchanga wa Squeaky Beach unaolia chini ya nyayo, kwa vile ni chembe safi za madini ya kwaruzi zenye ukubwa unaolingana. Msalaba wa Kusini, ambao Tanga unazama, huku hauzami usiku wowote wa mwaka.

Mwaka 2018 chama kiliniomba niongoze. Nilikataa mara mbili. Niliogopa kwamba Kiingereza changu kitanikwama wakati wa hatari. Bibi akaniambia nifuatane naye mwaka mzima kama msaidizi. Nilijifunza kusoma ramani na dira, kukadiria mwendo kwa mtu wa polepole kuliko wote, kuacha nyumbani kwa mtu orodha ya majina na saa ya kurudi, kutumia kile kifaa cha dharura kinachoita waokoaji kwa satelaiti. Kubwa zaidi, nilijifunza kusema "turudi" bila kuomba msamaha.

Safari yangu ya kwanza kama kiongozi ikapangwa Pasaka ya 2019. Pasaka kule ni mapumziko ya siku nne na kila chama kinataka kwenda pwani, vibali vya kulala huchukuliwa mapema. Nilipokaa na kalenda nikaona jambo ambalo wenzangu hawakuwa wameliwaza. Jumapili ya Pasaka huhesabiwa kwa mwezi mpevu. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia tarehe 21 Machi au baadaye, kwa hesabu ya kanisa. Maana yake karibu kila Pasaka bamvua haliko mbali, na mwaka ule mwezi ulipevuka Ijumaa Kuu yenyewe, tarehe 19 Aprili. Nikafungua jedwali la maji, maana mwezi ni ule ule lakini saa za Tanga si saa za huku. Tongoni maji ya bamvua hutoka yakawa chini kabisa kama saa nne asubuhi. Wilsons Promontory ina saa zake, na hizo huwezi kuzikisia. Jedwali likaonyesha kwamba tukiondoka mapema kama ilivyo kawaida ya chama, tutafika mtoni maji yakiwa yamejaa.

Nikabadilisha ratiba. Badala ya kuanza kutembea saa mbili asubuhi, tuanze saa tano. Wawili walilalamika kwamba Aprili jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, tutapanga hema gizani. Hoja yao ilikuwa nzuri, na ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nilipiga hesabu upya usiku: saa nne za kutembea, nusu saa ya kupumzika, nusu saa ya mtu kuumia kisigino. Tulikuwa kumi na wawili, mmoja wao kijana kutoka Nepal ambaye hakuwahi kubeba shanta usiku hata mmoja. Nilimweka mbele, nyuma yangu tu, ili mwendo uwe wake. Bibi alijitolea kuwa mtu wa mwisho.

Tulitoka msituni saa kumi kasorobo. Nilitembea peke yangu hadi mtoni kabla sijawaita. Mchanga wa kando ulikuwa umelowa hadi juu ya nyonga yangu, alama ya maji ya mchana, na mto wenyewe ulikuwa utepe wa rangi ya chai unaopita katikati. Nilipanda kijiti hata hivyo. Nikasubiri, nikakiona kinakauka, nikainua mkono. Kijana wa Nepal alivuka viatu vikiwa shingoni, maji yakiwa chini ya goti, akafika ng'ambo akapiga kelele ya furaha iliyorudi kutoka mlimani.

Siku zilizofuata tulipita Refuge Cove, tukapanda Kersop Peak tukauona mnara wa taa wa mawe uliojengwa 1859, tukalala Little Waterloo Bay, na Jumatatu tukarudi garini wote kumi na wawili. Simu ilipopata mtandao nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmetoka salama huko msituni?"

"Salama. Niliongoza mwenyewe."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Maji yalikuwa bamvua la mwezi mpevu?"

"Ndiyo mama."

"Yalitoka vizuri?"

"Yalitoka, tukavuka chini ya goti."

"Ulipanda kijiti?"

"Nilikipanda."

"Haya," akasema, na nikamsikia anamgeukia shangazi kumwambia.